Usimwelekeze, Msindikize: Jinsi ya Kumtafutia Msaada Nairobi Mtu Anayefikiria Kujiua

Ikiwa mtu aliye karibu nawe yuko hatarini saa hii, au ikiwa mtu huyo ni wewe mwenyewe, acha kusoma kwanza upige simu. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na nambari 0800 723 253, inayowahudumia watu wanaofikiria kujiua, hazitozi chochote. Befrienders Kenya, ambao ni watu wa kujitolea waliofunzwa kusikiliza, hupatikana kwa 0722 178 177. Mtu akiwa ameshajidhuru au amemeza kitu, usianze na simu za ushauri: mpeleke mara moja kwenye kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu zaidi, iwe ya umma au ya kibinafsi, au upige 999 au 112. Ibara ya 43 ya Katiba inasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, nawe una haki ya kuitaja mlangoni ukiambiwa utafute pesa kwanza. Simu moja isipojibiwa, jaribu inayofuata, na muda wote huo usimwache mtu huyo peke yake.

Kwa wasio katika dharura ya namna hiyo, mwongozo huu umeandikwa zaidi kwa ajili ya mtu wa pili kuliko kwa ajili ya mgonjwa. Nairobi ina huduma nyingi za afya ya akili kuliko kaunti nyingine yoyote nchini, na bado mtu wa Kayole au Kawangware anaweza kufa bila kuwahi kukaa mbele ya mhudumu hata mmoja. Umaskini una sehemu yake, lakini si sababu pekee. Ugonjwa wenyewe humnyang'anya mtu nguvu zile zile anazohitaji ili atibiwe: nguvu ya kuamka mapema, kupanga foleni, kumweleza mgeni mambo ambayo hajamweleza hata mama yake, kisha kuambiwa arudi wiki ijayo na kweli akarudi. Ndiyo maana kumpa mtu nambari ya simu au jina la hospitali na kumwambia aende ni msaada mdogo mno. Anayehitajika ni ndugu, jirani, mke, mume au rafiki atakayekwenda naye.

Kuuliza bila kuzunguka

Dalili huonekana mapema kuliko tunavyokiri baadaye matangani. Mtu aliyekuwa mcheshi hunyamaza, halali au halali kwa wakati, hali vizuri, na huanza kusema maneno kama "nimechoka na maisha haya" au "mtakuwa sawa tu nisipokuwepo". Wengine hugawa vitu vyao, huomba msamaha kwa makosa ya zamani, au huweka ujumbe wa kuaga kwenye simu usiku wa manane. Wengine hunywa pombe kuliko kawaida yao. Hatari huongezeka mtu anapopoteza kazi, anapoachwa, anapozama katika mikopo ya simu au kamari, anapopewa habari za ugonjwa mzito, au ikiwa amewahi kujaribu kujiua hapo awali. Hilo la mwisho lichukulie kwa uzito kuliko yote.

Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda katika stendi moja ya Umoja. Kwa wiki mbili amekuwa akifika, anaegesha pikipiki, na abiria wanapokuja anawaachia wenzake. Leo amemvulia mwenzake koti lake la mvua akamwambia, "Kaa nalo tu, mimi silihitaji." Wenzake wanacheka na kumtania kwamba amepata mdhamini. Mmoja, ambaye amemfahamu kwa miaka, anamvuta pembeni hadi kwenye kibanda cha chai, anaagiza vikombe viwili, anakaa kando yake na kumwambia: "Ndugu yangu, umebadilika na nimekuona. Nataka nikuulize na usinifiche: unafikiria kujiua?" Kisha ananyamaza. Kimya hicho kinaweza kuwa kirefu, na kazi ya muulizaji ni kukivumilia bila kukijaza kwa maneno yake.

Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu kujiua, na mara nyingi humpunguzia wasiwasi kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja jambo. Akikubali, uliza zaidi: wazo hilo limekuja tangu lini, ameshafikiria namna, ana kitu tayari, ameshaweka siku? Kadiri majibu yanavyokuwa na mpango ndani yake, ndivyo unavyopaswa kwenda naye hospitali siku hiyo hiyo wala si kesho.

Ugumu ni mkubwa zaidi anapokuwa mtu mzima kwako. Kijana hamketishi mjomba wake au mama mkwe akamuuliza habari za kujiua bila kuonekana amekosa adabu, na wazee wetu wengi wamefundishwa kujikaza. Hapo mtafute mtu wa rika lake ambaye humsikiliza, kama vile dada yake, rafiki wa chama, au mzee wa kanisa au msikiti aliye na busara, umweleze ulichokiona na umwombe aulize yeye. Ikiwa hakuna mwingine, uliza mwenyewe kwa heshima: "Mama, naona uchungu huu umekulemea sana. Umefika mahali pa kutamani kufa?" Adabu haivunjwi na swali lililoulizwa kwa upendo, na hata ingevunjwa, inarekebishika.

Usimhubirie wakati huo, usimlinganishe na wenye shida kubwa kuliko zake, na usimwambie awafikirie watoto wake, kwa maana amekuwa akiwafikiria na ugonjwa umemshawishi kwamba yeye ni mzigo kwao. Wala usiahidi kuitunza siri hiyo peke yako. Mwambie kweli kwamba hutaitangaza mtaani, lakini utamshirikisha mtu mmoja au wawili watakaosaidia kumweka salama.

Hofu ya polisi

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 2. Familia zilificha, na majeruhi walipofikishwa hospitali walisemekana wameanguka au wamekunywa kitu kwa bahati mbaya, hivyo wakatibiwa jeraha na kurudishwa nyumbani bila yeyote kuwauliza kuhusu moyo. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Waelezeni hilo wazazi na majirani wanaosita. Daktari anapaswa kuambiwa ukweli, kwa sababu matibabu ya mtu aliyeanguka si matibabu ya mtu aliyetaka kufa.

Pa kwenda

Pa kuanzia si lazima pawe mbali. Kituo cha afya cha mtaani kina afisa wa kliniki au muuguzi anayeweza kumpima mtu, kuona kama ana ugonjwa mwingine unaochangia, na kumwandikia barua ya rufaa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaotembelea nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba yao, huwafahamu wahudumu wa kituo kwa majina na wanaweza kukueleza siku ya kliniki ya akili ni ipi. Mtafute aliyepangiwa ploti yako umuulize mapema, hata kama leo nyumbani kwako hakuna mgonjwa.

Kwa hospitali za kaunti, wakazi wa Umoja, Kayole na Komarock wana Mama Lucy Kibaki karibu, na wa Kibera na Lang'ata wana Mbagathi. Hospitali Kuu ya Kenyatta ina idara ya afya ya akili, lakini kwa kuwa ni hospitali ya rufaa, mambo huwa mepesi ukifika na barua. Aga Khan na hospitali nyingine za kibinafsi zina madaktari wa akili kwa wenye bima au uwezo.

Halafu kuna Mathari. Naitaja peke yake kwa sababu jina hilo limegeuzwa tusi jijini, na nimeona jinsi familia inavyoweza kusitasita kwa miezi kwa kuogopa tu kuonekana langoni. Hospitali hii ya kitaifa ya magonjwa ya akili, iliyoko kando ya Barabara ya Thika baada ya kupita Pangani ukitoka mjini, ilianzishwa mwaka 1910, wakati wa ukoloni, kama mahali pa kuwafungia watu walioitwa wendawazimu. Sehemu ya sifa yake mbaya ilizaliwa humo, na sehemu nyingine hutokana na ile wodi yenye ulinzi mkali inayowahifadhi wagonjwa walioletwa na mahakama. Lakini wanaokwenda kliniki huonwa, hupewa dawa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Humo kuna wanafunzi wa vyuo, walimu, mama waliojifungua juzi, na madereva wa matatu. Pia kuna huduma ya kuwasaidia walionaswa na pombe na dawa za kulevya. Mgonjwa wako akilikataa jina hilo kabisa, usibishane naye, mpeleke Mbagathi au Mama Lucy. Hospitali bora kwa siku ya kwanza ni ile atakayokubali kuingia.

Siku ya kwenda, tokeni mapema, kwa sababu foleni hujaa kabla jua halijapanda. Beba kitambulisho chake, pakiti za dawa zozote anazotumia, maji, kitu cha kula, na simu iliyojaa chaji. Kabla ya siku hiyo hakikisha amesajiliwa katika SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanyika kwa kupiga *147# kwenye simu. Aliyesajiliwa anapaswa kupata huduma za msingi bila malipo katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya, lakini kwa hospitali kubwa michango yake lazima iwe imelipwa, na kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Hata hivyo, usingoje bima ikamilike ikiwa hatari ni ya leo. Hospitali za umma zina maafisa wa ustawi wa jamii ambao kazi yao moja ni kusikiliza familia isiyoweza kulipa, na ukifika, omba kuonana na mmoja wao kabla deni halijawa kubwa.

Sehemu inayoharibika mara nyingi ni ile dakika moja mbele ya mhudumu wa mapokezi. Anauliza, "Shida ni nini?" Mgonjwa, akiona watu wamejaa nyuma yake, anasema kichwa kinauma na halali vizuri. Anaandikiwa dawa ya maumivu na pengine kipimo cha malaria, na asubuhi nzima imepotea. Msindikizaji, hapa ndipo kazi yako ilipo. Mwinamie mhudumu, au umwandikie kwenye karatasi ikiwa mgonjwa anaona haya: "Amesema anataka kufa. Amekuwa hivyo kwa wiki tatu. Hali wala halali. Mwaka jana alijaribu kujidhuru." Sentensi nne za namna hiyo hubadilisha mstari anaopangwa na mtu atakayemwona. Ukiona hazijachukuliwa kwa uzito, zirudie kwa sauti ile ile ya heshima na uombe muuguzi mkuu. Ndani kwa daktari, mwache mgonjwa azungumze mwenyewe kwanza, na umpe nafasi ya kuwa peke yake na daktari, kwa sababu huenda wewe au nyumba yako ni sehemu ya anayotaka kusema.

Ushauri nasaha, na nyumba za ibada

Si kila mtu anayehitaji kusikilizwa anahitaji dawa, na wengi wanaotumia dawa huhitaji kusikilizwa pia. Vyuo vikuu vya jiji vina ofisi za ushauri kwa wanafunzi wao, na Amani Counselling Centre ni miongoni mwa vituo vya muda mrefu vya ushauri nasaha jijini. Uliza bei kabla ya kikao cha kwanza, na uliza pia kama wanafunzi wa mwaka wa mwisho walio chini ya usimamizi hutoa vikao vya gharama ya chini, kama ilivyo katika baadhi ya vyuo. Tangu sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, kazi hii inasimamiwa na bodi na anayeifanya anatakiwa awe amesajiliwa. Kumwomba mtu akuonyeshe cheti cha usajili si dharau, na anayekasirika kwa kuombwa ni afadhali umwache.

Wengi wetu mlango wa kwanza tunaoubisha ni wa pasta, padri au imamu, na sioni ubaya wowote. Mtu wa dini anayemfahamu mgonjwa anaweza kumfikisha mahali ambapo ndugu wameshindwa. Ubaya huanza pale maombi yanapowekwa badala ya hospitali, mgonjwa anapoambiwa aache dawa ili aonyeshe imani, au anapofungiwa ndani na kulazimishwa kufunga chakula akiwa dhaifu. Zungumza na kiongozi huyo mapema na umwombe jambo mahususi: aombe na mgonjwa, kisha amwambie kwa kinywa chake mwenyewe kwamba kwenda kliniki si dhambi. Neno hilo likitoka kwake huwa na uzito ambao maneno yako hayana.

Watoto wana nambari yao, 116, isiyolipishwa, ya usiku na mchana, na mtoto anaweza kuipiga bila ruhusa ya mzazi. Anayepigwa au kudhulumiwa kimapenzi apige 1195. Aliyenaswa na pombe au dawa za kulevya apige 1192. Nazitaja hapa kwa sababu mara nyingi wazo la kujiua limekaa juu ya shida nyingine, na shida hiyo isipoguswa, wazo hurudi.

Nyumbani, usiku wa kwanza

Mawazo ya kujiua huja kama mawimbi. Yanapanda, yanafika kilele, yanashuka, na mara nyingi kilele hicho ni cha muda mfupi. Kwa hiyo kitu kinachoweza kumdhuru mtu kikiwa mbali naye kwa saa hizo, uhai wake unaweza kuokoka. Ondoa dawa zote zilizobaki nyumbani, dawa za wadudu na za panya, na chochote alichokitaja alipokuwa akikueleza mpango wake, uvihifadhi kwa jirani. Katika nyumba ya chumba kimoja hakuna kabati la kufunga, kwa hiyo kuvificha chini ya kitanda hakutoshi. Vitoke kabisa. Dawa alizoandikiwa na daktari zikae kwako, umpe za siku moja kila siku. Mweleze unachofanya na kwa nini, usimnyang'anye kama mwizi. Pombe isiingie humo kwa sasa.

Kisha kaeni mwandike kwenye daftari, kwa maneno yake mwenyewe: ni nini hutangulia pale mawazo yanapoanza kupanda, ni kitu gani humtuliza kidogo, ni nani anayeweza kwenda kukaa kwake bila kuulizwa maswali, ni nani wa kupigiwa simu hata saa tisa za usiku, na nambari za msaada zilizotajwa hapo juu. Hifadhini nambari hizo kwenye simu zenu zote mbili, na mzipige siku tulivu ili mjue zinavyojibu. Hakikisheni pia mna bodaboda au teksi ya jirani inayokubali kuja usiku, kwa sababu mitaa mingi hufungwa mageti na matatu huadimika.

Wiki zinazofuata

Familia nyingi hulegea mapema mno. Dawa za sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake kamili, ilhali madhara madogo kama kichefuchefu na usingizi huja siku za mwanzo. Mgonjwa huona amepewa mateso bila faida, akaacha. Mwambie hili mapema, na madhara yakizidi mrudi kwa daktari abadilishe, msiache ghafla. Jihadhari pia na utulivu wa ghafla wa mtu aliyekuwa taabani, na na wiki za kwanza baada ya kutoka wodini, ambazo ni miongoni mwa nyakati za hatari zaidi. Simu fupi ya kila jioni inafaa kuliko ziara kubwa ya watu kumi siku ya Jumapili. "Umekula? Umelala? Wazo lile lilikuja leo?" yanatosha.

Wewe msindikizaji utachoka, na ukichoka utaanza kukasirika. Gawaneni kazi: mmoja aende kliniki, mwingine atunze dawa, mwingine apige simu za jioni. Nambari ya Befrienders ni yako pia. Wanaume hasa, ambao hapa Kenya hufa kwa kujiua zaidi kuliko wanawake na ambao huona aibu kuomba kusindikizwa, wapewe msindikizaji wasiyemwonea haya, ambaye huenda asiwe mke wala mama. Yule kijana wa stendi ya Umoja anaweza kukubali kwenda na mwenzake wa bodaboda kwa kisingizio cha kupeleka pikipiki kwa fundi, nao wakapitia kliniki, na hilo ni sawa kabisa.

Mkitoka kwa daktari, msiondoke langoni kabla hamjaandika kwenye daftari tarehe ya kurudi na jina la atakayekwenda naye siku hiyo, na nauli ya wote wawili iwekwe kando wiki hiyo hiyo, kabla haijaliwa na mahitaji mengine.